Uchumi ukidorora serikali haifukuzi sana watu, inaacha viti wazi

Watu wanapenda kusema uchumi ukiyumba heri uwe mtumishi wa umma maana kule hamna kufukuzwa, huku sekta binafsi wenzako wanapewa barua za kwaheri kila mwisho wa mwezi. Mwaka wa kwanza wa mdororo ni kweli kabisa, labda na wa pili. Ila mi nimekaa sana kwenye meza ya bajeti na naona stori inayosimuliwa ni nusu tu, maana serikali nayo inapunguza watu, tena wengi, sema inapunguza kimyakimya na inachelewa kuanza.

Kwanza hesabu yenyewe. Biashara zikilala, kodi ya mapato ya makampuni ndo inaanguka mapema, afu VAT kwasababu watu hawanunui, afu kodi inayokatwa kwenye mishahara kwasababu waliokuwa wanakatwa hawana tena mishahara. Wakati huohuo wateja wa serikali wanaongezeka, aliyekuwa anatibiwa hospitali binafsi anahamia ya umma, mtoto anahamishwa shule, nchi zenye mafao ya kukosa ajira zinaanza kulipa watu ambao mwaka jana walikuwa wanachangia. Yani hela inapungua palepale kazi inapoongezeka, na hapo hakuna hata mtu aliyeiba au kukosea kitu.

Sasa waraka unashuka kutoka hazina, ukomo wenu wa bajeti umepungua. Mnakaa na lile jedwali mbele yenu mnatafuta pa kukata. Riba ya deni haiguswi, pensheni haiguswi, mishahara ni ya kisheria na ina vyama vya wafanyakazi nyuma yake, kwahiyo mnajikuta mnazunguka kwenye miradi ya maendeleo na kile kifungu cha matumizi mengineyo. Barabara mpya inasogezwa mwaka ujao, mzabuni aliyeleta vifaa anaambiwa asubiri, safari, semina, ukarabati na mafuta ya magari vinakatwa. Matokeo yake unakuwa na mkaguzi ambaye yupo, mshahara anapokea, ofisini anaingia saa moja na nusu asubuhi, ila gari halina mafuta kwahiyo haendi kukagua chochote. Kwenye takwimu za ajira huyu bado anahesabika kama kawaida.

Hatua inayofuata ndo ya kusitisha ajira mpya, na hii wanasiasa wanaipenda kwasababu haina mtu wa kulia mbele ya kamera. Muuguzi anastaafu, nafasi yake inabaki wazi, mwenzake anaambiwa akaimu kwa muda. Huo muda unafika bajeti ijayo, mnapeleka maombi ya kujaza nafasi, na jibu linakuja, mbona mwaka mzima mmeweza bila huyo mtu? Nafasi inafutwa kwenye ikama, ile orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Imekwisha hiyo. Hata uchumi ukirudi huombi tena kujaza nafasi, unaomba kuanzisha mpya, na hiyo ni safari nyingine kabisa ya vibali. Wale wa mikataba ya muda mfupi ndo usiseme, wao mkataba unaisha tu na hakuna anayewaita.

Ugiriki waliiweka hii kama kanuni baada ya mkopo wa uokoaji wa mwaka 2010, wakiondoka watumishi watano anaajiriwa mmoja. Uingereza nao Oktoba 2010 walitangaza mpango wa kubana matumizi ambao makadirio ya wakati ule yalisema utaondoa ajira kama 490,000 za umma, na sehemu kubwa ilitegemewa iishe kwa watu kuondoka wenyewe bila kurithiwa. Waliobaki wanaopata zaidi ya pauni 21,000 kwa mwaka mishahara yao ikagandishwa miaka miwili, afu ikaja nyongeza yenye ukomo wa asilimia 1. Sasa kumbuka Septemba 2011 mfumuko wa bei pale ulizidi asilimia 5, kwahiyo mtu alikuwa anakatwa mshahara bila kukatwa.

Wengine hawakuzunguka. Latvia, nchi ndogo ya Ulaya, uchumi ulisinyaa kama asilimia 14 mwaka 2009 na serikali ikakata mishahara ya watumishi waziwazi, waalimu wakiwemo, hospitali kadhaa zikafungwa. Hawaii, jimbo la Marekani, waliamua kuwapa waalimu likizo bila malipo, makubaliano yakawa ni kufunga shule Ijumaa 17 ndani ya mwaka wa masomo wa 2009/10, wazazi waliwaka kweli. Na Ugiriki tena, Juni 2013, serikali ilizima shirika la utangazaji la umma ERT ndani ya siku moja, watu zaidi ya 2,500 hawana kazi, matangazo yakakatika usiku uleule. Hiyo ndo aina ya kufukuza ambayo watu wanaikumbuka, ila kwa idadi wala siyo kubwa ukilinganisha na viti vilivyoachwa wazi kimyakimya.

Kitu kinachonishangazaga zaidi ni ule ucheleweshaji. Marekani mdororo mkubwa uliisha rasmi Juni 2009, lakini serikali zao za mitaa ziliendelea kupoteza ajira hadi karibu 2013, zaidi ya nusu milioni, wengi wao watu wa mashuleni. Sababu ni kwamba zinategemea sana kodi ya majengo, na thamani ya nyumba kwenye vitabu vya kodi inashuka ikiwa imechelewa, afu majimbo karibu yote yanabanwa na sheria yasiwe na bajeti yenye nakisi, yani matumizi kuzidi mapato, na ile hela ya dharura iliyotoka serikali kuu mwaka 2009 iliziba pengo kwa muda tu, ilipoisha pengo lilikuwa bado lipo palepale. Kwahiyo mwalimu anaondolewa wakati taarifa ya habari inasema uchumi umefufuka.

Na je, hela inaokolewa kweli? Kiasi. Mshahara wa mtumishi ndo pango la mwenye nyumba, ndo mauzo ya mwenye duka, ukiukata na kodi yako wewe serikali inapungua. Mwaka 2013 Olivier Blanchard, aliyekuwa mchumi mkuu wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, pamoja na mwenzake Daniel Leigh walionyesha kuwa makadirio ya ukuaji wa uchumi yalikuwa yamepunja madhara ya kubana matumizi Ulaya wakati wa mgogoro wa madeni. Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alishalisema hilo 1937, kwamba hazina ifunge mkanda uchumi ukiwa juu. Tatizo uchumi ukiwa juu hakuna waziri anayetaka kusikia habari za mkanda.

Najua kuna atakayesema watumishi wamezidi, nusu yao wanakunywa chai tu, na wapo wafanyakazi hewa. Sawa, sibishi sana, nimewaona. Ila kusitisha ajira hakumgusi mfanyakazi hewa, jina lake linaendelea kulipwa vizuri tu kwasababu yeye hastaafu na haugui. Wala hakumgusi mvivu. Kunamgusa kijana aliyemaliza chuo mwaka ule, pamoja na ofisi yoyote ambayo kwa bahati mbaya wazee wake walifikia umri wa kustaafu pamoja. Miaka kumi baadae unakuta idara ina watu wa miaka 55 na watu wa miaka 25, katikati hamna mtu, na wale wa 55 wanaondoka ndani ya muda mfupi na kila kitu walichokuwa wanajua bila kukiandika popote.