Jinsi nilivyoondokana na madonge ya hipromelosi

Jeli yangu ya dawa ilinitoa jasho wiki nzima. Kila nikimwaga unga wa hipromelosi (kiungo cha kufanya jeli iwe nzito, kinachotokana na selulosi ya mimea iliyobadilishwa kikemikali) kwenye maji ya kawaida, madonge yanazuka: nje ute, ukipasua ndani unga mkavu kabisa! Nikakoroga kwa nguvu zaidi, nikaambulia povu.

Kumbe hipromelosi haiyeyuki kwenye maji moto, huyeyuka yakipoa. Basi nikapasha theluthi moja ya maji hadi nyuzi 85 za Selsiasi, nikanyunyiza unga kidogo kidogo huku nikikoroga mpaka ukalowa wote, ndipo nikaongeza maji ya barafu yaliyobaki. Ule uji mweupe ukaanza kuwa mzito, ukaangaza kama kioo. Viputo vilijitoa vyenyewe usiku, kwenye friji.