Baba yupo hapo nje

Wanangu walizaliwa mwezi wa sita, katikati ya baridi ya Mbeya, mimba ikiwa na wiki 30. Nesi aliandika kwenye plasta mbili, Kulwa na Doto, akawabandika miguuni. Kulwa alikuwa na gramu 1,300, Doto 1,120. Nilikuwa nimetoka nyumbani Tukuyu na maumivu ya mgongo tu, sina kofia ya mtoto, sina soksi, sina kitu.

Doto aliishi siku nne. Alikuwa anaacha kupumua. Nesi alinieleza kwamba kwa mtoto wa umri ule ubongo bado haujakomaa vya kutosha kuisimamia pumzi, kwa hiyo ukiona kifua kimetulia unamgusagusa unyayo, anashtuka, anavuta hewa. Niligusa unyayo ule mara nyingi. Usiku wa nne, saa nane, hakushtuka, na wauguzi walijitahidi mpaka wakaishia.

Asubuhi mume wangu na wazee walimchukua wakaenda kumzika nyumbani, mwendo wa kilometa kama 70. Mimi nilibaki, maana Kulwa alihitaji maziwa kila baada ya saa tatu. Sikuliona kaburi likichimbwa. Hata kulia sikulia nikamaliza, kwa sababu wodi ile ni ya kina mama wenye watoto wadogo kama wangu, na kilio cha mmoja kinawatetemesha wote.

Watu waliokuja kunipa pole walisema yale yanayosemwa. Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu amempenda zaidi. Shukuru umebakiwa na mmoja. Najua walinipenda, na wengine walitumia nauli ya wiki nzima kuja kuniona. Lakini kila neno lilinisukuma mbali zaidi na Mungu, kwa sababu lilimfanya awe mtu wa kuelezewa na kutetewa, na mimi sikuwa na nguvu ya kusikiliza utetezi. Nilikuwa namtaka Yeye mwenyewe.

Kuomba nilishindwa. Nilifungua Biblia kwenye simu na kitu pekee nilichoweza kusoma bila kukwama ni Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Nilishangaa kwamba swali hilo limeachwa ndani ya Maandiko, hakuna aliyelifuta. Nikaamua hilo ndilo ombi langu. Kila saa tatu nilipoamka kukamua maziwa, mara nane usiku na mchana, nilikuwa nanong'ona: hata lini. Kukamua kunachukua muda, maziwa ya hofu hayatoki haraka, na kwa siku nyingi hilo ndilo lililokuwa kanisa langu, kikombe mkononi na swali moja.

Sasa nieleze kuhusu baba mkwe wangu. Sisi Wanyakyusa tuna desturi ya heshima kati ya mke na baba wa mumewe. Hawatazamani, hawakai nyumba moja, mke halitaji hata jina lake. Siku hizi wengi wameilegeza, hasa mjini, lakini katika ukoo wetu bado ipo. Tangu niolewe sijawahi kukutana naye uso kwa uso. Akija njiani, mimi napinda.

Mama mkwe alikuwa anakuja wodini na chupa ya uji wa ulezi. Hakuwa na mahubiri. Alikaa pembeni ya kitanda, akamimina, akasema, "Kunywa, mwanangu, maziwa yatoke." Ilinikumbusha Elia alipojilaza chini ya mretemu akitaka kufa, na malaika hakumkemea wala kumfundisha, alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Siku moja, wiki moja baada ya msiba, mama mkwe alipokuwa anafunga chupa aliniambia, kama jambo la kawaida tu, "Baba yupo hapo nje."

Nikauliza, tangu lini?

"Kila ninapokuja. Anasimama kule kwenye uzio. Hawezi kuingia, unajua. Anasema ujue tu kwamba yupo."

Alikuwa anaondoka Tukuyu alfajiri, mzee wa miaka sabini na kitu, anasimama kwenye baridi ile saa mbili, tatu, kisha anarudi. Hakunitumia ujumbe wa kunifariji wala hakuuliza lolote. Na mimi ningetazama dirishani ningevunja heshima, kwa hiyo sikutazama. Lakini siku hiyo nilipolala chali kukamua maziwa, ukuta ule wa wodi haukuwa ukuta uleule. Nyuma yake kulikuwa na mtu aliyemzika mwanangu kwa mikono yake, amesimama kwa ajili yangu, simwoni, na yupo.

Nililia siku hiyo. Nililia nikamaliza.

Jioni nikasoma Zaburi ya 23, niliyoikariri tangu Sunday school ya utotoni, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mwanzoni Daudi anamsimulia Mungu kama mtu wa mbali kidogo: hunilaza, huniongoza. Akifika kwenye bonde la uvuli wa mauti, maneno yanageuka: "Wewe upo pamoja nami." Hasimulii tena, anasema naye. Nikabadilisha ombi langu la saa tatu. Badala ya "hata lini" nikawa nasema "Wewe upo". Usiku mwingine nilihisi amani, usiku mwingine sikuhisi chochote, nikasema hivyo hivyo. Sikumhisi baba mkwe pia kupitia ule ukuta. Niliambiwa yupo, nikaamini aliyeniambia.

Kulwa alipotulia, nesi alinifundisha kumbeba kikangaruu: mtoto uchi, nepi na kofia tu, kifua chake juu ya kifua changu, khanga ikituzungusha sote wawili. Alisema njia hii ilianza Bogotá huko Kolombia mwaka 1978, kwenye hospitali iliyokuwa na upungufu wa mashine za kuwapa watoto joto. Nilikaa hivyo mchana na usiku. Walipokuja kumchoma sindano alilia kwa sauti yake ndogo kama ya kifaranga, na mimi sikuwa na namna ya kumweleza kwamba dawa ile ni ya uhai wake. Hakuna lugha ambayo angeielewa. Niliweza kumshika tu, na akiwa ameshikwa kilio kilipungua, sindano ikiwa bado imo. Nikasema, Baba, basi na mimi usinieleze. Nishike.

Tuliruhusiwa siku ya 47, Kulwa akiwa na gramu 1,950. Tulifika Tukuyu mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Niliingizwa moja kwa moja jikoni kwa mama mkwe ili nisikutane na baba uani. Mama mkwe akamfungua mtoto kifuani pangu, akamfunika blanketi, akatoka naye kupeleka upande wa nyuma ya nyumba.

Nilisikia sauti ya mzee. Alimsalimia mjukuu wake, akamwita Kulwa, akamwombea kwa Kinyakyusa, polepole. Kisha nikasikia hatua zao zikielekea migombani, na akaanza kumweleza mtoto mahali ndugu yake alipolala, ni karibu na mti gani, na kwamba yeye hupita hapo kila asubuhi.

Nilivuta kigoda karibu na mlango, nikakaa, nikiwa nimegeukia ndani, nikamsikiliza mpaka mwisho.