Siku moja maishani mwangu: kuimbisha watu wasiojiita waimbaji

Saa 12:15 asubuhi

Kazi yangu ni kuimbisha watu. Vikundi vya leo ni vitatu: akina mama wenye watoto wachanga, watu waliopata kiharusi, na jioni kwaya ya wazi ambayo mtu haingii kwa kujaribiwa sauti. Hakuna hata kimoja kinachojiandaa kupanda jukwaani, na sitaki kijiandae. Watazamaji wakishapangwa, wenye sauti dhaifu huanza kukaa nyuma, kisha huacha kuja.

Kabla ya yote, natetemesha midomo, navuma taratibu, napanda na kushuka do hadi so. Dakika kumi, basi. Nitazungumza na kuimba hadi usiku, na koo halina akiba.

Saa 2:00 asubuhi

Viti na madirisha. Viti navipanga duara moja, asiwepo wa kuangalia mgongo wa mwenzake. Madirisha yote wazi, na hili sibembelezi mtu. Machi 2020, katika mazoezi ya kwaya moja jimbo la Washington, Marekani, walihudhuria watu 61. Baadaye 53 kati yao walihesabiwa kuwa na Uviko, 33 wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo, na wawili wakafariki. Hewa ile ile inayotoka vifuani na kutuunganisha ndiyo inayobeba maradhi. Mwenye mafua leo ataimba wiki ijayo.

Saa 3:30 asubuhi

Akina mama wanaingia, wengine wakiwa na usingizi machoni. Hatuna karatasi za maneno. Mmoja anaanzisha mstari, wenzake wanaupokea, kisha kila mama anautia jina la mtoto wake. Watoto wanatulia, au wanalia kwa nguvu zaidi. Yote mawili yanaruhusiwa.

Utafiti uliotoka Uingereza mwaka 2018 uliwafuatilia akina mama 134 waliokuwa na dalili za sonona baada ya kujifungua. Wengine waliimba pamoja na watoto wao kwa wiki 10, wengine walishiriki michezo ya ubunifu, wengine waliendelea na huduma ya kawaida. Kufikia mwisho makundi yote yalikuwa yamepata nafuu, lakini kwa wenye dalili za wastani na kali, waliokuwa wakiimba waliipata mapema zaidi. Mama aliyezama kwenye giza lile haoni wiki chache kuwa ni kitu kidogo.

Kwa nini iwe kuimba? Ninavyoona mimi, mama aliyechoka huhisi kwamba hakuna anachomfanyia mtoto kikafaa. Akiimba, mtoto anageuza kichwa papo hapo. Jibu linapatikana bila kungoja. Hata hivyo, mama akiniambia hali chakula na halali hata mtoto akilala, namwambia, "Dada, leo tunamwona nesi kwanza, wimbo utatusubiri," nami namsindikiza.

Saa 6:00 mchana

Hapa ndipo siku inapokuwa ngumu, na ndipo ninapoipenda kazi hii.

Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakoendeshwa, mtu anaweza kubaki anaelewa kila unachosema lakini maneno hayatoki. Hali hiyo huitwa afasia. Kuimba hutumia pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo baadhi yao hawawezi kuomba maji lakini wanaimba ubeti mzima wa wimbo walioujua tangu utotoni, maneno yote yakiwa mahali pake. Gabrielle Giffords, mbunge wa zamani wa Marekani aliyepigwa risasi kichwani Januari 2011, ni mmoja wa watu maarufu ambao muziki ulikuwa sehemu ya safari yao ya kurudisha usemi.

Tunaye mzee ambaye alipokuja mara ya kwanza alikuwa na neno moja tu, "ndiyo", hata alipokusudia hapana. Tulipoanza kuimba akaimba nasi. Mkewe alilia kwa furaha, akaniuliza kama kesho mumewe ataongea. Ilibidi nimwambie: "Mama, wimbo huu uko ndani yake tangu zamani, unatoka wenyewe. Kuongea ni kutunga jambo jipya kila mara. Tuna kazi mbele yetu."

Kazi yenyewe inachosha. Tangu miaka ya 1970 kuna mbinu inayotumiwa na wataalamu wa usemi: unachukua maneno machache ya matumizi ya kila siku, unayaimba kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto ukigonga meza kwa kila silabi. Baadaye unapunguza uimbaji kidogo kidogo hadi yabaki maneno. Mtaalamu ndiye anayeongoza. Mimi nashika mapigo. Leo mzee ameimba "nipe miwani" mara nyingi kiasi cha kuwachekesha wenzake. Wakati wa kuondoka, miwani ikiwa imebaki mezani, amemgeukia mkewe akasema, bila wimbo, "Miwani." Mama amempa, akamkumbusha koti.

Saa 9:00 alasiri

Ripoti. Wafadhili wanataka kujua kama kuimba "kunaponya". Huwa siandiki neno hilo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mapitio yaliyotazama tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na kwa jumla picha ni nzuri. Lakini tafiti nyingi katika uwanja huu ni ndogo, na anayekuambia uache dawa ukaimbe ni mtu wa kukimbiwa.

Ninachokiandika bila wasiwasi ni habari ya pumzi. Ukivuta hewa moyo huongeza kasi kidogo, ukiitoa taratibu hupunguza. Watafiti wa Gothenburg, Sweden, walionyesha mwaka 2013 kwamba waimbaji wa kwaya wakiimba mistari mirefu kwa pamoja, mioyo yao hupanda na kushuka kasi kwa pamoja, kwa sababu wanapumua pamoja. Ndiyo maana nachagua nyimbo kwa urefu wa mstari kuliko kwa uzuri wa mahadhi. Ukiwa na roho juu juu, wimbo wa mistari mifupi ya haraka hukuacha pale pale.

Saa 12:00 jioni

Kwaya. Wanatoka makazini, wamebeba mikoba na hasira za bosi. Kijana mmoja mgeni ananiambia, "Mwalimu, mimi siimbi, nimemsindikiza dada yangu." Simbishii. Namweka katikati ya wanaume wawili wa besi wenye sauti imara, kamwe si pembeni. Kufikia wimbo wa tatu, midomo inacheza.

Mtafiti Robin Dunbar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2015 utafiti uliolinganisha madarasa ya kuimba, kazi za mikono na uandishi kwa miezi saba. Mwishoni wanadarasa wote walikuwa wamekaribiana, ila waimbaji walizoeana haraka zaidi mwanzoni. Sishangai. Kwenye ufinyanzi lazima umsemeshe jirani ndipo mfahamiane. Kwenye wimbo mnakuwa pamoja na watu arobaini kabla hujajua jina la yeyote. Lakini tuna meza ya udongo na rangi pia nyuma ya ukumbi, kwa wasiotaka kufungua kinywa siku hiyo. Wanafinyanga huku wanasikiliza, na wengine wamebaki huko huko, wameridhika.

Kwaya nayo ina fitina zake, msidanganywe. Sharti ninalolisimamia kwa ukali ni kwamba hakuna kumsahihisha jirani. Mmoja akiteleza, narudisha kundi zima la sauti yake. Jicho moja la dharau huharibu mazoezi kuliko noti kumi mbovu.

Saa 3:30 usiku

Simu inalia mfululizo. Sauti ya kwanza, wale wanaoimba juu, wanauona wimbo mpya mtamu ulivyo. Besi wanadai unawakaba. Yule kijana mgeni, ambaye haimbi, ametuma ujumbe kupitia kwa dada yake: mwalimu ashushe ufunguo wa wimbo. Nimeushusha. Sauti ya kwanza watanuna hadi Alhamisi.