Chumvi ya Mtori

Juma hili dada amejifungua salama huko Morogoro na mkataba wangu wa kazi umeongezwa, lakini kila ninapojilaza kinachonirudia ni maneno machache yaliyosemwa mezani Jumanne jioni. Mama alikuwa amemwandalia Baba, anayetibiwa saratani ya kinywa kwa mionzi, mtori, ameuchuja mpaka hauna hata uzi mmoja wa nyama. Baba akaonja, akashusha kijiko, akauliza, "Mama watoto, siku hizi umeacha kutia chumvi?" Mama akajibu bila kusita, "Nimeacha, mzee wangu, isije ikakuwasha vidonda." Baba akasema, "Haya," akaendelea kula.

Chumvi ilikuwamo. Mimi nilipakua kutoka sufuria lilelile, na mtori ulikuwa umekolea.

Nilimkasirikia Mama usiku kucha. Nesi alitueleza mapema, Baba akiwapo, kwamba mionzi ya kinywani huumiza vionjio vya ulimi na tezi za mate, hivyo ladha hupotea katika majuma ya mwanzo na kwa wengi hurudi polepole, miezi kadhaa baada ya tiba kwisha, ingawa ukavu wa kinywa huweza kubaki. Tena Baba amekwisha kuambiwa mazito kuliko hayo. Aliambiwa kwamba uvimbe ulioanzia chini ya ulimi umeingia kwenye taya na kufika kwenye tezi za shingo, na kwamba kwa hali yake hautapasuliwa. Aling'olewa meno mabovu kabla ya kuanza tiba, kwa sababu mfupa wa taya uliokwisha kupigwa mionzi hupona kwa shida jino likija kung'olewa baadaye. Kila siku ya tiba hulazwa chini ya mashine akiwa amebanwa kwa kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa sura yake mwenyewe, ili kichwa kisisogee hata kidogo. Mtu aliyebeba yote hayo anafichwa habari ya chumvi kwa nini?

Siku za dripu ndizo zinazomchosha zaidi. Dawa yenyewe ni sisiplatini, ambayo kwa ugonjwa wake haitegemewi kuponya peke yake, bali huzifanya seli za saratani zishindwe kujitengeneza baada ya kujeruhiwa na mionzi, na ndiyo maana tiba hizo mbili hutolewa pamoja. Kwanza hupimwa figo, kisha huongezewa maji mengi kabla ya dawa na baada yake, na akirudi nyumbani hutapika na kulalamika kwamba masikio yanavuma.

Alhamisi asubuhi nilimkuta uani akisukutua kwa maji ya chumvi, ambayo siku zote huyachanganya kwa mkono wake. Alipotema, alilamba punje za chumvi zilizobaki kwenye kijiko, akatulia akiwa amekunja uso kama mtu anayesikiliza hatua za mbali, kisha akalamba tena. Hakuniona. Hapo hasira yangu yote iliniishia, kwa sababu nilitambua kwamba anajua, na huenda alikuwa anajua hata alipouliza mezani. Mama alimkinga, naye akakubali kukingwa ili Mama apate walau jambo moja analoliweza katika ugonjwa huu. Sitawaambia lolote, hayo ni yao wawili, na ninawapenda zaidi kwa sababu yake.

Linalonikosesha raha jioni hii ya Jumapili ni mvua. Baba amepangiwa vipindi 35 vya mionzi, siku tano kwa juma kwa majuma saba, na daktari amesisitiza visikatike, kwa kuwa saratani za namna hii huitumia nafasi ya mapumziko kuota upya. Hapa Kimara, Dar es Salaam, imenyesha tangu jana bila kupumzika, na maji yakijaa Jangwani, njiani kwetu kwenda hospitali, barabara hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama. Nimemwandikia binamu yangu mwenye gari kumwomba atuzungushe kwa njia ya Buguruni kesho alfajiri, na mpaka sasa hajajibu.