Sauti ya Kati

Viola ndiyo ala ya nyuzi ambayo watu wengi hapa Nairobi wamekwisha kuisikia bila kujua kwamba wameisikia. Hukaa katikati ya okestra, chini ya fidla na juu ya selo, na kazi yake kubwa ni kujaza ule mwanya ambao, ukiachwa wazi, muziki mzima husikika mwembamba. Umbo lake ni la fidla ila ni kubwa kidogo, na nyuzi zake nne ni C, G, D na A, yaani zilezile za selo, oktavu moja juu (noti nane juu kwenye skeli, ambako jina la noti hujirudia). Nimo katika mwaka wa tatu wa shahada ya muziki, viola ndiyo ala yangu kuu, na usiku huu, baada ya wiki yenye mazoezi mengi kuliko kawaida, nataka kuandika jinsi siku zangu zinavyokwenda na kwa nini nimezidi kuipenda nafasi hii ya kati, ambayo hapo mwanzo niliichukua kwa sababu tu fidla zote zilikuwa na wenyewe.

Asubuhi huwahi chumba cha mazoezi kabla ya vipindi, kwa sababu vyumba ni vichache na wapiga piano huvijaza mapema. Muda wa kwanza sipigi wimbo wowote. Huanza na nyuzi tupu, nikiuvuta upinde polepole kutoka kwenye kishikio hadi nchani na kuurudisha, huku nikisikiliza kama sauti inayumba pale mkono unapogeuka. Halafu hupiga skeli, noti baada ya noti, bila haraka. Viola haina vigawanyo shingoni kama gitaa, kwa hiyo hakuna kinachokuonyesha mahali pa kukanyaga isipokuwa sikio, na sikio lina msaidizi ambaye ni ala yenyewe. Nikiweka kidole cha tatu kwenye uzi wa G napata C, oktavu moja juu ya ule uzi mnene wa C. Kidole kikikaa mahali pake hasa, uzi mnene, ambao sijaugusa kabisa, hutetemeka wenyewe. Ukiutazama kwa karibu unaona umekuwa mpana kidogo na kingo zake zimefifia, na kiwiliwili cha ala kinavuma hadi kwenye mfupa wa taya. Kidole kikisogea kwa unene wa karatasi tu, uzi unatulia na mvumo unakatika. Hakuna mwalimu anayeweza kunisahihisha kwa uaminifu kuliko huo uzi.

Jambo moja ambalo hunivutia sana ni kwamba viola hazina kipimo kimoja. Fidla ya mtu mzima ina kiwiliwili cha karibu sentimita 35.5 popote utakapokwenda, lakini viola huanzia kama sentimita 38 na nyingine huzidi 43. Sababu ni ya kimaumbile: ili sauti za chini za viola zitoke kwa nguvu sawa na za fidla, ingebidi kiwiliwili kiwe kikubwa kiasi kwamba hakuna binadamu angeweza kukiweka chini ya kidevu na bado mkono ufike kwenye noti. Mafundi wakakubali kupunguza, kila mmoja kwa kadiri yake, na upungufu huo ndio ulioipa viola ile sauti yake nzito, yenye ukwaruzo kidogo, ambayo fidla haina. Kwa hiyo ukibadilisha viola, vidole vyako vinapaswa kujifunza umbali upya.

Mbao nazo zina tabia yake. Mombasa, ninakotoka, unyevu huzivimbisha na vigingi vya kukazia nyuzi hung'ang'ania shimoni hadi uogope kuvizungusha. Huku Nairobi, katika ukavu wa Januari na Februari, mbao husinyaa na vigingi huteleza. Unafungua kasha asubuhi unakuta nyuzi zote zimelegea kama kamba za nguo. Dawa yake ni chaki kidogo kwenye kigingi, kukisukuma kwa ndani wakati wa kukizungusha, na kutoiacha ala karibu na dirisha linalopigwa na jua. Nyuzi ni ghali na huagizwa kutoka nje, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nafundisha watoto fidla ili nipate za kununulia, kazi ambayo ningeifanya hata bila malipo, maana mtoto anapopata noti safi kwa mara ya kwanza uso wake husema yote.

Vipindi vya darasani ni vya historia, uimbaji wa noti kwa kuziona, muziki wa Kiafrika na hamonia, yaani sanaa ya kupanga sauti kadhaa zisikike pamoja. Hamonia ndiyo iliyonifungua macho kuhusu sauti za kati. Mwezi uliopita mwalimu alituandikia ubaoni sauti ya kwanza ya Wimbo wa Taifa, akatutaka tuandike nyingine tatu. Wimbo huo tumeuimba tangu shule ya msingi, lakini wengi wetu hatukuwa tumewahi kuukalia chini kama kazi ya muziki. Asili yake ni bembelezi ya Wapokomo wa bonde la mto Tana, na mwaka 1963 kamati ya Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi iliigeuza ikawa wimbo wa nchi iliyokuwa ikijiandaa kupata uhuru. Nyimbo nyingi za mataifa huchagua skeli ya meja ambayo huchangamka. Wetu umo katika maina, skeli yenye huzuni zaidi, na ndiyo maana una uzito wa dua.

Mwanafunzi wa hamonia kwa kawaida huandika sauti ya kwanza, kisha besi, halafu zile za kati hupewa noti zilizobaki. Kisheria hesabu hutimia, lakini ukizitoa sauti hizo na kuziimba peke yake unaona zinarukaruka bila mwelekeo, au zinashika noti moja hadi mwimbaji achoke. Mwalimu alituamuru tufanye hivyo hasa: kila mtu aimbe alto yake, sauti ya pili kutoka juu, mbele ya darasa. Baada ya hapo tulifungua mkusanyo wa korali 371, nyimbo za kanisani za sauti nne, za mtunzi Johann Sebastian Bach na tukaimba alto na tenor (sauti ya tatu) za korali moja, bila sauti ya kwanza wala besi. Zilisimama zenyewe. Zilikuwa na mwanzo, mwinuko na mahali pa kupumulia, na mwimbaji wa alto angeweza kwenda nazo nyumbani akiziimba njiani. Mwanawe Bach, Carl Philipp Emanuel, aliacha maandishi kwamba baba yake, aliyekuwa bingwa wa fidla na kinanda, alipokaa na wenzake kupiga muziki alipenda zaidi kushika viola. Naamini nimeelewa sababu. Ukiwa katikati unasikia pande zote mbili, na noti yako moja ikibadilika, maana ya zote inabadilika.

Hilo limenijia kwa nguvu wiki hii kwa sababu tunaandaa Konseti ya Brandenburg namba 6 ya Bach, utunzi wa kundi dogo la ala. Bach alizikusanya konseti hizo sita na kumtunuku mwanamfalme mmoja wa Brandenburg mwaka 1721, na katika hii ya mwisho alifanya jambo ambalo mpiga viola yeyote anapaswa kumshukuru: aliziondoa fidla zote na kuziweka viola mbili mbele. Nyuma yake aliweka viola da gamba mbili (ala za kale za nyuzi zinazoshikwa kati ya miguu), selo, besi na harpsikodi, kinanda cha kale cha nyuzi. Sisi gamba hatuna, kwa hiyo sehemu zake zinapigwa na selo, na badala ya harpsikodi tunatumia kinanda cha umeme. Mmoja wa wapiga selo wetu alianzia katika Ghetto Classics, programu ya muziki ya mtaa wa Korogocho iliyoanza mwaka 2008 kwa juhudi za Elizabeth Njoroge, na nidhamu yake ya kufika mapema na kuijua sehemu yake kabla ya mazoezi imetuinua sote.

Sehemu ya kwanza ni ngumu kwa namna isiyoonekana kwenye karatasi. Viola mbili zinapiga kitu kimoja, lakini ya pili inaanza nyuma ya ya kwanza kwa nusu ya pigo tu, kiasi kwamba msikilizaji hajui nani anaongoza na nani anafuata. Nikiwa viola ya pili, silika yangu inataka kuungana na mwenzangu, na kuungana naye ndiko kunakoharibu kila kitu. Tulijaribu kutazamana, tukazidi kuchanganyikana. Kilichotusaidia ni kugeuziana migongo, kila mmoja akisikiliza mapigo yasiyobadilika ya selo na besi badala ya kumsikiliza mwenzake. Baada ya kuizoea hiyo tuligeukiana tena, na hapo ndipo tulipoweza kusikia jinsi sauti zinavyoitikiana. Katika sehemu ya polepole gamba hunyamaza kabisa. Zinabaki viola mbili juu ya msingi wa besi na kinanda, na kila mmoja hupokezana na mwenzake sentensi ndefu ambazo zinataka pumzi zaidi kuliko vidole. Sijapata kupiga kitu kilichonituliza kama hicho.

Kwa mtihani wa kupiga peke yangu nimechagua sonata ya viola na piano ya Rebecca Clarke ya mwaka 1919. Clarke alikuwa Mwingereza na mpiga viola wa kujipatia riziki, na kazi hii aliipeleka kwenye shindano la utunzi nchini Marekani ambako majina ya watunzi yalifichwa. Waamuzi waligawanyika sawasawa kati yake na Ernest Bloch, na mfadhili wa shindano, Elizabeth Sprague Coolidge, akapiga kura ya mwisho kumpa Bloch. Jina la Clarke lilipofichuliwa, kulikuwa na watu walioshindwa kuamini kwamba mwanamke anaweza kutunga kazi kama hiyo. Nasoma hayo nikiwa na noti zake mbele yangu na nashangaa wangehitaji ushahidi gani zaidi, maana ni mtu aliyeishi na ala hii tu ambaye angejua kwamba uzi wa C ukipigwa kwa upinde mzito karibu na daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, hutoa ghadhabu ambayo selo haina. Sehemu ya mwisho inaanza kwa utulivu mkubwa na piano inasema maneno machache mno. Bado natafuta namna ya kuingia baada ya kimya hicho bila kukivunja.

Nyumbani Mombasa, mwenye swali zito kuliko waamuzi wote wa chuo ni mjomba wangu. Ujanani alipiga fidla ya taarabu katika harusi, na yeye ndiye aliyeniwekea ala kidevuni kwa mara ya kwanza. Nilipomtumia rekodi ya okestra tunayopiga nayo, alinipigia simu usiku huohuo.

"Nimesikia fidla, nimesikia matarumbeta. Wewe u wapi humo, mwanangu?"

"Niko katikati, mjomba. Ukiniondoa utasikia pengo, lakini nikiwepo si rahisi kunitambua."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba katika taarabu kila mpigaji hushika wimbo uleule: fidla, udi, ganuni na akodioni, wote humfuata mwimbaji, kila mmoja akiupamba kwa mkono wake. Hakuna anayebaki nyuma kushika noti nyingine. Alisema kweli. Na kuna tofauti nyingine ambayo vidole vyangu huikumbuka kabla ya akili: katika Rast, mojawapo ya maqam (skeli za muziki wa Kiarabu), noti ya tatu hukaa kati ya E na E flati, mahali ambapo piano haina kibonyezo. Nililelewa na noti hiyo. Mwaka wangu wa kwanza chuoni ilikuwa ikijitokeza yenyewe kwenye skeli ya C meja, na mwalimu wa viola, badala ya kuikemea, aliniambia niitunze na nijifunze kuiita na kuizuia kwa hiari yangu.

Tangu simu ile mjomba amenitumia wimbo mmoja wa zamani ambao alizoea kuupiga, ulio katika Rast, akaniuliza kama viola ya kati ingepata kazi humo. Nimeushughulikia jioni zangu zote. Nikijaribu kuuwekea hamonia kama ya darasani, ile noti ya tatu inakufa, kwa sababu sauti tatu za pamoja hulazimisha E iwe meja au maina. Nilichokipata ni hiki: viola ishike C na G, nyuzi zake mbili za chini kabisa, zikiwa tupu, kwa upinde mrefu chini ya wimbo wote, na E aachiwe mwimbaji na fidla waiweke wanapopataka. Mvumo wa nyuzi hizo haumlazimishi mtu yeyote, lakini unampa pa kusimama. Leo alasiri mjomba alipiga fidla kwa simu, nami nikashika C na G upande wangu, sauti ikichelewachelewa kwa sababu ya mtandao. Ameikubali, ila ametaka viola itembee kidogo katika kiitikio, isishike mahali pamoja tu. Nimekwisha kuandika nusu yake, na kesho kabla ya mazoezi ya Bach nitamwomba yule mpiga selo aijaribu pamoja nami.