Nilivyopata Subaru STI halisi Nakuru

Nilikuwa nawinda STI, ile Subaru Impreza iliyoongezwa nguvu kiwandani. Ushauri wa kwanza niliopewa: "Agiza 22B kutoka Japani, hiyo utaiuza hata kesho." Aliyesema hivyo ana duka la spea na watu humsikiliza! Subaru Impreza 22B ilitoka 1998, magari 400 tu kwa soko la Japani, na Kenya haipokei gari kuukuu likishapita miaka 8. Ningeliegesha wapi, baharini?

Magari ya aina hiyo unayawinda yakiwa tayari na namba za Kenya. Na huko porini ndiko mabroka waliko.

Mmoja wa mtaa wa Section 58 alinipigia simu akinong'ona kama anayeuza pembe za ndovu. "Mkubwa, nina S203." Hilo ni toleo maalumu la STI la 2005. Alitaka milioni tatu na kitu. Nikaenda, maana hata kuona ni raha. Buluu inang'aa, magurudumu yamesuguliwa. Akafungua mlango polepole, akanionyesha kibao kilichobandikwa karibu na gia: S203, namba 612.

"Hiyo ndiyo namba yake katika yale machache," akasema.

"Kwani yalitengenezwa mangapi?"

"Mia tano hamsini na tano tu, bosi! Hupati kwingine."

Nikanyamaza kidogo ili asikie alichosema. Wapi! Nikachutama kwenye gurudumu, nikakwaruza breki ya dhahabu kwa ukucha. Rangi ya kopo ikabanduka, kutu ikachungulia. Gia tano, ilhali STI ya miaka ile ina sita. Nikaomba boneti ifunguliwe, nikapangusa vumbi kwenye ukuta wa nyuma ya injini, ambapo namba ya chesisi imegongwa: GDA. STI huanza na GDB. Nembo za waridi bandika hata kumi, chuma hakihongeki.

"Aah, fundi alibadilisha injini," akaanza.

Nikamwuliza kama alibadilisha na ukuta.

Yangu niliipata kwa mzee mmoja Njoro. Haikuwa na nembo hata moja, ndiyo maana vijana walikuwa wakiipita. GDB, gia sita. Si S203, ni STI ya kawaida, lakini ni STI. Nilifika alfajiri bila kupiga simu, nikaweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kuisha. Baridi. "Kijana, unaipima homa?" mzee akacheka. Injini hizi pistoni zikilegea hugonga zikiwa baridi, na muuzaji mjanja huwa ameshaipasha moto kabla hujafika. Hii iliwaka ikanguruma safi. Tukasikizana milioni moja na ushee, umiliki tukauhamisha NTSA, mamlaka ya usafiri.

Lile la buluu bado liko sokoni. Wamelibadilisha taa za mbele na bei imepanda, kwa sababu sasa linaitwa S204, toleo lililofuata S203. Hizo zilitengenezwa 600. Kibao bado kinasema 612.