Haidroliki ya giaboksi isisahauliwe kwenye sevisi

Leo gereji imeingia Toyota IST ya otomatiki, modeli NCP61. Ukiweka D, gia inachelewa kushika.

Oili ya injini safi kabisa. Haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi, nyeusi, inanuka kuungua.

Sampo, bakuli la mafuta chini ya giaboksi, imefunguliwa: sumaku zimejaa uji wa chuma, laini, wa kijivu. Hizo ni sahani za klachi ya ndani na gia zinazosagika taratibu.

Ukimwaga kwa nati ya chini zinatoka kama lita 3 tu. Nyingine inabaki kwenye torki konveta (kifaa kinachounganisha injini na giaboksi), kwa hiyo rudia baada ya kilomita mia kadhaa. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hicho hicho, haidroliki ya aina ya T-IV.

Kisha injini ikiwa ya moto na inaunguruma, pitisha gia zote, rudi P, soma stiki ya giaboksi kwenye alama ya HOT (moto).

CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, ina mafuta yake, tafadhali msichanganye!

Yako ilimwagwa lini mara ya mwisho?